Kauli ya Kutendwa

Mbeya,
8 Februari 1954

Kaka yangu Isihaka,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi inayoshuka asubuhi kutoka mlima Loleza na kuingia mpaka ndani ya mifupa. Nataraji wewe u mzima, na goti lako halikusumbui sana na mvua hizi. Maharage uliyonitumia kwa basi zimefika zote, nakushukuru. Nimeandika polepole ili usinirudishie barua hii ikiwa na wino mwekundu kama ile ya Desemba. Wanafunzi wako wamekwisha kuwa watu wazima, Mwalimu. Nimebaki mimi peke yangu darasani.

Ama baada ya salamu, nakuletea habari ya binti yako. Jaha ana mimba nyingine. Hii ni ya sita, na mwanawe wa mwisho, Mwamvita, bado hajatembea. Unakumbuka nilivyokuandikia juu ya uzazi ule wa mwisho: damu ilivyomtoka hata tukamfunika uso, na wazungu wa hospitali ya misheni walivyompasua tumbo ndipo mtoto akatoka. Siku ya kumruhusu, daktari alisema maneno mengi kwa Kiingereza, na dresa wake, yule msaidizi wa kufunga vidonda, akayafasiri mbele yetu sote, mumewe akiwapo na mama mkwe akiwapo: “Huyu mama apumzike.” Wanawake tuliokuwapo tulielewa maana yake. Sijui kama wanaume walielewa.

Muharami si mtu mbaya. Yuko barabarani siku zote, leo Rujewa kununua mpunga, kesho hapa kuuza, na akirudi nyumbani hucheka na wanawe. Lakini mimi ni shangazi wa mkewe tu. Neno langu kwake ni kama mvua juu ya bati, lina kelele nyingi na halipiti. Wewe ni baba mkwe. Nakuomba useme naye. Nakuomba pia umwite Jaha aje akae kwako Iringa mpaka atakapojifungua, awe karibu na hospitali kubwa, awe chini ya macho yako. Mama yake angekuwa hai nisingekusumbua.

Juzi Jaha alikuwa akichambua mchele hapa kwangu. Akasema bila kuinua macho, “Shangazi, safari hii sitoki.” Nikamwambia aache maneno hayo. Akasema, “Haya, nimeacha.” Kukubali kwake upesi hivyo ndiko kulikonitia hofu.

Dada yako,
Mwanakhamisi


Iringa,
16 Februari 1954

Dada yangu Mwanakhamisi,

Marahaba. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba mko wazima. Hali yangu ni njema kwa umri wangu, na goti ni lile lile. Maharage “yamefika yote”. Neno hilo liko kundi moja na maji, maziwa na mayai, na hakuna mtu mwenye lugha anayesema “maziwa zimemwagika”, isipokuwa sokoni Mbeya. Sikukurudishia barua. Nimekuwa mpole.

Sasa nikujibu uliyoniomba. Mtoto ni riziki itokayo kwa Mwenyezi Mungu, nasi hatuna ruhusa ya kuipokea riziki kwa kununa. Ama neno la daktari, neno kupumzika halina fumbo. Maana yake ni kuacha kazi ili nguvu zirudi. Mwaka jana Muharami aliniandikia kwamba amemwekea mkewe binti wa kuchota maji na kutwanga, na kwamba amemkataza kushika jembe. Basi Jaha amepumzishwa, tena vizuri kuliko wanawake wengi. Sioni la kumwambia mume aliyetii.

Kuhusu kumwita hapa, haiwezekani. Mke hukaa kwa mumewe. Nikimchukua leo, kesho watu wa Mbeya watasema ameachwa, na watu wa Iringa watauliza kosa lake. Wewe uko karibu naye. Mwambie ale mboga, asali sala zake, aache mawazo. Hofu ya uzazi kila mwanamke anayo, na kila siku wanazaa.

Wasalimie wajukuu wangu, kila mmoja kwa jina lake.

Kaka yako,
Isihaka bin Halfani


Mbeya,
29 Machi 1954

Kaka yangu,

Shikamoo. Hali yangu njema. Ya wengine siwezi kuisema hivyo.

Mimba ya Jaha imeharibiwa. Ilikuwa juma lililopita. Tulimpeleka hospitali ile ile ya misheni, wakampa dawa, wakamlaza usiku mmoja, wakamrudisha. Sasa yuko kwangu. Watoto wako kwa mama mkwe wake, na Mwamvita ninaye mimi mgongoni. Muharami amezuiliwa Rujewa na maji. Wanasema bonde lote la Usangu limekuwa ziwa.

Homa inampanda na kushuka. Akipata nafuu anakaa mlangoni na kuomba chai. Nitakuandikia tena.

Dada yako,
Mwanakhamisi


Iringa,
3 Aprili 1954

Dada yangu Mwanakhamisi,

Marahaba. Mimi sijambo. Nimepokea habari yako kwa huzuni, na jana nilikaa msikitini baada ya sala nikamwombea mwanangu. Mwambie avumilie. Aliyetoa ndiye aliyetwaa, naye ana uwezo wa kutoa tena. Mpe uji wa ulezi, mfunike vizuri, usimruhusu kukaa mlangoni penye upepo.

Nakusahihisha neno moja, si kwa ukali, bali kwa kuwa barua hupita mikononi mwa watu. Umeandika “imeharibiwa”. Hiyo ni kauli ya kutendwa, nayo hudai mtenda. Kikombe kikivunjwa, yuko aliyekivunja. Kikombe kilichoanguka chenyewe kimevunjika. Basi mimba ya Jaha imeharibika. Tofauti ni herufi moja, lakini herufi hiyo moja yaweza kumtia mtu mashakani pasipo sababu. Ulikuwa na haraka, nami naelewa.

Kaka yako,
Isihaka bin Halfani


Mbeya,
8 Aprili 1954

Kaka yangu Isihaka,

Shikamoo. Nakutakia afya. Mimi nina miguu miwili na mikono miwili inayofanya kazi, na leo hilo latosha.

Safari hii sikukosea.

Niliandika herufi ile kwa kusudi. Sikuwa na ujasiri wa kuandika zaidi, nikasema moyoni, kaka yangu haachi kosa lipite, ataliona na ataelewa. Umeliona, ukalisahihisha. Basi sasa nitaandika yote.

Ng’ambo ya mto, kwenye njia ya kwenda milimani, yuko mwanamke ambaye wanawake wa mji huu humwendea wakiwa na shida kama ya Jaha. Sitakuandikia jina lake. Jaha alikwenda peke yake siku ya gulio, akiwa amebeba kikapu kana kwamba anakwenda kununua viazi. Akapewa mizizi ya kunywa, na akafanyiwa jingine ambalo kalamu yangu haitaliandika. Akarudi akapika chakula cha watoto. Siku iliyofuata akaanguka jikoni.

Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia, alisema, “Shangazi, ningekuambia ungenizuia.” Nikasema ndiyo, ningemzuia. Akasema, “Ungenizuia, halafu nizae, halafu nife. Hawa watano angewalea nani?” Msichana huyu hakuwa mhuni. Ana mume, ana ndoa, ana watoto aliowazaa kwa halali. Aliambiwa na tumbo lake mwenyewe kwamba uzazi mwingine utamwua, akatafuta mlango, akaukuta mmoja tu ulio wazi.

Tulipomfikisha hospitali, dresa alitupokea nje. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, “Kina mama, imeharibika yenyewe? Maana kama imeguswa, ni kazi ya polisi.” Jaha akaniwahi kujibu. Akasema aliteleza akiwa na ndoo ya maji. Dresa akaandika hivyo, daktari akasoma hivyo, na dawa aliyopewa ikawa ya mtu aliyeteleza na ndoo.

Ndani yake kumebaki uchafu. Nausikia kwa pua ninapombadilisha nguo. Tangu juzi anatetemeka hata kitanda kinagonga ukuta, na asubuhi ya leo aliniita kwa jina la mama yake.

Damari amekuja. Ni yule Mkristo wa milimani aniuzaye viazi, nilikwisha kukutajia. Ameingia, amemtazama Jaha, akaketi chini. Nakuandikia alivyosema, na usimsahihishe. “Mama, hii homa naijua. Dada yangu Yudith alikufa na homa hii hii. Sisi tulinyamaza, tuliogopa aibu. Sasa aibu haiko, na Yudith pia haiko.” Nikamwambia naogopa polisi watamchukua. Akasema, “Polisi watachukua maiti wapeleke wapi?”

Amekwenda kuita vijana wa kubeba machela. Wakifika tunaondoka, nami nitamwambia daktari kila kitu, kwa kinywa changu, bila kupunguza. Sikuombi ruhusa, kaka, maana ruhusa hupanda basi. Nakujulisha tu, usije ukasikia kwa watu.

Nawasikia mlangoni.

Mwanakhamisi, dada yako


Iringa,
13 Aprili 1954

Dada yangu,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 8. Afya yangu ni ile ile.

Kama hujasema, usiseme. Sheria ya nchi hii nimeisoma. Mwanamke anayejitoa mimba hufungwa miaka mingi, na kila aliyemsaidia hufungwa. Nilimlea Jaha hata kwenye baraza la jumbe hajapata kuitwa kwa ushahidi. Sitaki asimame mbele ya hakimu wa Kizungu na kuulizwa mambo ya mwilini mwake huku karani akiyafasiri mbele ya umati. Hilo litamwua kuliko homa.

Mwuguze nyumbani. Mtafute mtu mwenye dawa za homa, ampe dawa. Mtafute mwenye elimu, asome dua. Watu waseme ana malaria. Fanya hivi kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Nimeandika kwa haraka ili niiwahi posta. Nijibu kwa basi la kwanza.

Kaka yako,
Isihaka


Mbeya,
24 Aprili 1954

Kaka yangu Isihaka,

Shikamoo. Nataraji hujambo. Jaha yu hai. Nimeliweka hilo mbele ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako ya kuniambia ninyamaze ilichelewa. Basi lilikwama kwenye matope ya Igawa, abiria wakalala barabarani, na mfuko wa posta ukalala nao. Iliponifikia, Jaha alikuwa amekwisha kupasuliwa. Namshukuru Mungu kwa matope yale. Sisemi hivi kwa kukukejeli. Ingenikuta bado nyumbani labda ningekutii, maana nimekutii tangu nilipokuwa mtoto, na leo ningekuwa nakuandikia barua ya namna nyingine.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Dresa alitoka tena kutupokea, akafungua mdomo. Damari akampita kama anavyopita mti, akawaambia wabeba machela, “Ingieni.” Dresa akasema, “We mama, hapa si shambani kwako.” Damari akajibu, “Najua. Shambani kwangu mgonjwa haulizwi akiwa nje.” Tukaingia.

Daktari ni yule yule, Mzungu mrefu, sasa amejifunza Kiswahili cha kitabuni, mngependana. Nilisimama mbele yake nikasema, “Bwana, siku ile tulidanganya. Huyu hakuteleza na ndoo. Mimba hii ilitolewa kwa mkono wa mtu, na ndani hamkusafishika.”

Akaniuliza ni nani aliyefanya.

Nikamwambia, “Nimekuja kukuambia lililofanywa. Aliyelifanya hayuko kitandani.”

Kisha akasema, “Mama, mimi si askari. Kazi yangu ni hii hapa. Lakini ungeniambia siku ile ya kwanza, ingekuwa kazi ndogo. Sasa ni kubwa.” Akauliza kwa nini tulificha. Nikamwambia tuliambiwa mlangoni kwamba kuna polisi. Akageuka akamtazama dresa, na dresa akatazama dirisha.

Kizazi kilikuwa kimeoza. Daktari alitaka mtu wa ukoo akubali kiondolewe, maana bila hivyo angekufa siku ile ile. Muharami hayupo, wewe uko mbali. Nikatia sahihi mimi, mahali palipoandikwa baba. Kama nimekukosea adabu, utaniambia tutakapoonana.

Muharami alifika siku ya tatu, matope mpaka magotini, amevuka Usangu kwa mtumbwi na kwa miguu. Daktari alimkasirikia. Akamwambia, “Nilikuonya mwaka jana. Nilikuambia huyu asipate mimba tena, atakufa. Zipo njia za kuzuia, nilikuambia uje nikueleze. Hukuja.” Muharami akamtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Akasema, “Mimi niliambiwa apumzike. Nikamwekea binti wa kuchota maji. Nikamnunulia godoro.”

Kisha daktari akamwita dresa, akamwuliza, “Ulimwambia nini mtu huyu?” Dresa si kijana mwovu, sasa namwona vizuri. Alisema kwa sauti ndogo, “Mama mkwe alikuwapo, Bwana. Na shangazi alikuwapo. Ningesemaje mambo ya chumbani mbele ya wakwe? Nikatafuta neno la adabu.”

Muharami alitoka nje, akaketi kwenye majani, akalia waziwazi, wagonjwa wakimtazama. Damari alimpelekea maji ya kunywa. Akamwambia, “Kunywa, Baba Mwamvita. Ukimaliza kulia, kuna nguo za kufua.” Na kweli akazifua. Mama yake alipomkuta kwenye karai alipiga mguu chini, akasema hakumzaa mwanamume ili awe dobi. Muharami akaendelea kufua.

Mama yake amekwisha kuanza kusema habari ya mke mwingine, kwamba mti usiozaa haukosi shoka. Watoto watano wamemzunguka akisema hayo. Muharami hajamjibu. Sijui atamjibu nini.

Hakuna polisi aliyekuja. Daktari anasema anao wengi kama Jaha kila mwaka. Wengine ni wasichana wa shule wanaojua kwamba watafukuzwa, wengine wake za watu, na mmoja alikuwa bibi mwenye wajukuu. Wengi huletwa wakiwa wamechelewa, kila mmoja na ndoo yake ya maji. Alisema hivyo hivyo, ndoo yake ya maji. Anasema angeweza kuwaponya nusu yao kama wangefika siku ya kwanza na kusema kweli, na nusu nyingine wasingefika kabisa kama wangeelezwa mapema namna ya kupanga uzazi wao.

Jana Jaha alikunywa uji, bakuli zima. Macho yake yameingia ndani, na mkono wake ni kama wa Mwamvita. Akaniuliza, “Baba anajua?” Nikasema anajua. Akauliza, “Amesema nini?”

Barua yako ilikuwa kwenye pindo la kanga yangu wakati ule. Nikamwambia barua yako bado iko njiani. Basi andika nyingine, kaka, ifike, nisiwe mwongo.

Dada yako,
Mwanakhamisi


Iringa,
20 Juni 1954

Dada yangu Mwanakhamisi,

Salamu zangu zikufikie wewe, na Damari, na wajukuu wanne waliobaki huko. Tangu nilipokuja kumchukua Jaha, tukaagana stendi, sijakuandikia, na najua umehesabu kila basi. Nilitaka kwanza nione jinsi Jaha atakavyokaa.

Tulifika salama. Njia ilikuwa imekauka. Alisafiri akiwa amejilaza juu ya mto uliomshonea, na Mwamvita alikuwa mapajani mwangu toka Mbeya mpaka Iringa, kwa kuwa alikataa kila mtu mwingine. Tulipofika Makambako, wanawake waliokuwa nyuma yetu walicheka kumwona mzee wa kilemba akimlisha mtoto ndizi. Sikuwajibu.

Ile barua yangu ya tarehe 13 Aprili, tafadhali usiiweke.

Jaha anapata nguvu kidogo kidogo. Anatembea akiwa ameinama mbele, na mfupa wa kiuno humuuma baridi ikizidi, nayo imezidi. Muharami aliniambia pale stendi kwamba atakuja baada ya mavuno ya mpunga, awalete watoto wamwone mama yao. Sijui kama atakuja kama mume au kama mgeni. Jaha haulizi. Jioni hukaa na mwanawe, humfundisha kusimama.

Sasa nikueleze jambo lililotokea, maana ni kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Majirani walipopata habari kwamba binti yangu amekuja, walikuja kumpa pole, kama ilivyo desturi. Mimi nilikuwa barazani, nao walikuwa ndani, mlango wa ndani una pazia tu. Nilikuwa nimewaambia wanaume wa mtaani kwamba alikuwa na homa. Mwanamke mmoja akasema ndani, “Pole mwanangu, tumesikia mimba imekuharibikia.” Jaha akajibu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. “Hapana, mama. Niliitoa. Nilikwenda kwa mtu, nikaumizwa, nikaficha, nikaoza. Shangazi yangu ndiye aliyesema kwa daktari, ndiyo maana mnaniona.”

Niliinuka. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika pazia, nami nilikuwa na maneno tayari ya kumnyamazisha na ya kuwaambia wageni kwamba mgonjwa bado anaweweseka. Nilisimama hivyo. Kisha nikaachia pazia, nikarudi nikaketi.

Wageni waliondoka mapema, kahawa ikiwa nusu. Mmoja alisema akivaa viatu, bila kujali kwamba nasikia, “Binti wa mwalimu mzima.” Mwingine akasema, “Na bado anajisemea.” Siku mbili hakuja mtu. Nilidhani hatakuja tena mtu.

Siku ya tatu, mchana, akaja Matilda, mke wa Saulo seremala, wanaokaa nyuma yetu. Ni mama wa watoto wengi, na kwa siku kadhaa alikuwa hajaonekana bombani. Alikuja akishika ukuta wa nyumba yangu kwa mkono mmoja. Jasho lilikuwa likimtiririka, katika baridi hii. Alinisalimu vizuri, akauliza kama Jaha yupo. Nikasema yupo. Akanitazama, akautazama mlango, asiingie. Nikaelewa kwamba pazia halitoshi, wala mimi sitakiwi barazani.

Nikampisha aingie, nikatoka, nikafunga mlango wa nje, ule wa mbao, nikasimama mbele yake. Ezekia, rafiki yangu wa siku zote, akaja na bao lake kwapani, akasema, “Mwalimu, tangu lini umekuwa bawabu?” Nikamwambia tangu leo. Akasema, “Basi nipishe, nimekuja kukufunga.” Nikasema leo hakuna kuingia. Akacheka akauliza nina siri gani humo ndani. Nikamwambia siri si yangu, na kama anataka kusimama nami asimame, lakini anyamaze. Alisimama kidogo, akaona baridi, akaenda zake. Baadaye akaja Saulo mwenyewe kumtafuta mkewe. Nilimwambia yuko salama kwa binti yangu, arudi kazini, ataitwa. Alinitii kwa kuwa nilimfundisha darasa la pili.

Sikusikia waliyosema wanawake wale, wala sikuyauliza.

Mlango ulipofunguliwa, Jaha alikuwa amejifunga kanga mbili, na Matilda alikuwa amemwegemea, ingawa hao wawili sijui ni yupi aliyemwegemea mwenzake. Jaha akaniambia, “Baba, tunakwenda hospitali. Hawezi kutembea moja kwa moja. Utuchukulie kigoda.”

Nikaingia jikoni nikachukua kigoda. Nikawafuata nyuma. Njia ya hospitali hupita mbele ya shule, na mbele ya maduka, na mbele ya msikiti watu wakiwa wanatoka. Walitusalimu, nikaitikia. Kila waliposimama niliweka kigoda chini, Matilda akakaa, mimi nikageuza uso nikangoja. Na walipokuwa tayari nikakichukua tena.

Kaka yako,
Isihaka